Ardhi ya mailo iliyonunuliwa na asiye raia, na kyapa kilichotakiwa kuandikwa jina la shemeji

Swali: Mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Kagera, na kwa miaka tisa sasa nafanya biashara ya mahindi na maharage hapa Mutukula, upande wa Uganda. Mwaka jana nilinunua ekari 2 za ardhi ya mailo, ile ya kumilikiwa milele, wilayani Kyotera kwa shilingi milioni 46 za Uganda. Mkataba tuliandikia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kijana mkubwa wa muuzaji akatia sahihi kwa niaba ya familia. Baadaye dalali akanishauri kyapa, yaani hati ya ardhi, kiandikwe jina la shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye ni raia wa Uganda, naye akaniandikia karatasi kwamba ananishikia tu. Kabla kyapa hakijahamishwa, mke wa muuzaji ameweka kaviati, yaani zuio la uhamisho, katika ofisi ya ardhi Masaka. Tena yuko mzee mwenye kahawa upande wa bondeni, anayesema haondoki hata shamba liuzwe mara kumi. Je, mauzo yangu ni halali? Na kama si halali, pesa zangu nitazipataje?

Jibu: Dada yangu, nitaanza na lile ambalo ungependa kulisikia mwisho. Mauzo hayo, yakiwa mauzo ya ardhi ya mailo kwako wewe, si halali. Kuyapitisha kwa jina la shemeji hakuyafanyi kuwa halali, na kunaweza kukuweka pabaya zaidi kuliko ulivyo sasa. Hata kama ungekuwa mzaliwa wa Kyotera mwenye kitambulisho cha taifa mfukoni, pingamizi la mke wa muuzaji lingetosha peke yake kuyaangusha. Pamoja na hayo, pesa zako hazijapotea kisheria, na iko njia ya kuendelea kulitumia shamba hilo bila kuvunja sheria, ingawa ufunguo wa njia hiyo anao mama yule aliyeweka kaviati.

Vifungu nitavitaja kwa namba zake za zamani, kwa sababu ndizo zilizomo katika hukumu nyingi na ndizo mawakili wengi bado wanazitaja. Toleo jipya la sheria za Uganda, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, limezisogeza namba hizo.

Nimeisoma picha ya mkataba uliyonitumia, pamoja na maelezo yako mengine. Ni kurasa tatu za daftari la mistari zilizoandikwa kwa Kiganda na Kiswahili, zenye mhuri wa LC1 wa wino wa zambarau, sahihi za mashahidi wanne na alama ya kidole gumba cha muuzaji. Kwa macho ya kijijini huo ni mkataba mzuri, na kwa jambo moja ni mzuri kweli: Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wowote wenye thamani inayozidi pointi 25 za fedha, yaani shilingi 500,000, uwe wa maandishi, na wenu umeandikwa. Ila mstari wa tatu unasema hivi: mnunuzi ni Mtanzania, mwenye pasipoti namba fulani. Watu hudhani swali la kwanza la sheria ni kama karatasi ni nzuri. Swali la kwanza ni nani ananunua, na nini kinauzwa. Mstari huo wa tatu umekwisha kulijibu kabla hatujafika kwenye mhuri.

Ibara ya 237 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema kwamba ardhi ya Uganda ni mali ya raia wa Uganda, na kwamba inamilikiwa kwa mifumo minne: umiliki wa kimila, umiliki huru usio na kikomo, mailo, na umiliki wa muda kwa mkataba wa upangaji, ambao hapa kila mtu anauita lizi. Ibara hiyohiyo inampa asiye raia mlango mmoja tu, nao ni lizi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, katika kifungu cha 40, inaufafanua mlango huo: lizi ya asiye raia haiwezi kuzidi miaka 99, ikiwa ni ya miaka 5 au zaidi lazima isajiliwe, na kisha, kwa maneno yasiyoacha nafasi ya mabishano, asiye raia hatapata wala kushika ardhi ya mailo au ya umiliki huru. Mailo, kama unavyojua kwa kukaa Buddu, eneo hili la Buganda lenye Masaka na Kyotera, ni ule umiliki uliotokana na Mapatano ya Buganda ya mwaka 1900, ardhi ilipogawiwa kwa maili za mraba; mwenye mailo anamiliki milele, naye hurithisha wanawe. Mmiliki wa milele, kwa mujibu wa Katiba, lazima awe raia.

Najua utaniuliza kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki, maana swali hilo huulizwa kila wiki na watu wa Mutukula, Busia na Malaba. Ni kweli kwamba Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, inakuruhusu kuvuka, kufanya kazi na kufungua biashara. Kuhusu ardhi, hata hivyo, ibara yake ya 15 inasema tu kwamba kupata na kutumia ardhi kutafuata sera na sheria za kila nchi mwanachama. Kwa hiyo mbele ya kifungu cha 40, Mtanzania wa Kyaka na mtu aliyetoka bara lingine wanasimama kwenye mstari mmoja. Wala si uchoyo wa Uganda peke yake. Kwenu Tanzania, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamzuia asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliopitia utaratibu wa sheria ya uwekezaji, na Kenya, katika ibara ya 65 ya Katiba yake ya mwaka 2010, imeweka kikomo hikihiki cha miaka 99.

Sasa, mauzo yanayokwenda kinyume na katazo la namna hii huitwa batili, na batili katika sheria ina maana kali kuliko inavyosikika mtaani. Yako mauzo yenye kasoro, ambayo yanabaki hai mpaka mtu aliyedhulumiwa aende mahakamani kuyavunja, na ambayo kasoro yake inaweza kurekebishwa kwa sahihi iliyosahaulika au kwa malipo yaliyochelewa. Na yako mauzo ambayo sheria inayahesabu kuwa hayakuwahi kutokea. Mauzo yenu ni ya aina ya pili. Katika kesi ya kampuni ya Makula International dhidi ya Kardinali Nsubuga, iliyoripotiwa mwaka 1982, mahakama ya rufani ya nchi hii iliweka kanuni ambayo mpaka leo inatajwa karibu kila juma mahakamani: mahakama haiwezi kukibariki kilicho haramu, na uharamu ukishaonekana mbele yake unashinda mambo yote ya maandishi ya kesi, yakiwemo hata yale ambayo pande zote mbili zimeyakubali. Hii ina maana kwamba hata muuzaji akisimama na kusema, ndiyo, nilimuuzia, nililipwa, sina kinyongo, jaji akiona mstari wa tatu wa mkataba wenu hawezi kukuandikisha kuwa mwenye mailo.

Mhuri wa LC1 hauponyi jambo hilo. Mwenyekiti wa kijiji ni shahidi wa maana sana kuhusu nani alilipa, lini, shilingi ngapi na mbele ya nani, na ushahidi wake utakufaa tutakapofika kwenye pesa. Lakini hana mamlaka ya kumpa mtu haki ambayo Katiba imemnyima.

Nitakaa kidogo kwenye jambo la shemeji, kwa kuwa ndilo linaloniogofya, na kwa kuwa nimeshaliona likitenganisha ndugu waliokuwa wakila sahani moja. Dalali alikushauri hivyo kwa nia njema pengine, maana ni ushauri wa kawaida mno mipakani: raia aandikwe kwenye kyapa, mwenye pesa abaki na karatasi ya siri. Tazama ulivyo ukweli wake. Kyapa kikitoka Masaka kikiwa na jina la shemeji, sheria ya usajili wa hati inakihesabu kuwa ushahidi wa mwisho wa umiliki, isipokuwa ithibitishwe hila. Shemeji anaweza kukiweka rehani benki. Anaweza kufa, na wanawe wakaja kugawana ekari 2 ambazo hawajui ulizilipia kwa magunia ya mahindi. Anaweza kuachana na dada yako. Siku hiyo utaitoa karatasi yako uipeleke mahakamani, nayo itasema nini? Itasema kwamba wewe, asiye raia, ndiye mwenye mailo halisi, na shemeji ni kivuli chako. Yaani karatasi uliyoandikiwa ikulinde ndiyo itakayokuwa ungamo la kwamba mlipanga kukikwepa kifungu cha 40, na kanuni ya Makula itafanya kazi yake.

Usidhani kwamba mahakama hutazama jina lililo juu ya kyapa tu. Kifungu cha 40 chenyewe kinamhesabu kuwa asiye raia si mtu peke yake, bali pia kampuni ambayo nguvu za maamuzi ziko mikononi mwa wageni, au ambayo hisa zake zimeshikwa na mtu mwingine kwa niaba yao. Katika kesi iliyosikika sana nchini, ya Crane Bank dhidi ya mfanyabiashara Sudhir Ruparelia na kampuni ya Meera Investments, benki iliyokuwa chini ya usimamizi wa Benki Kuu ilidai, pamoja na mambo mengine, ihamishiwe hati za majengo ya matawi yake. Mahakama Kuu mwaka 2019, kisha Mahakama ya Rufaa mwaka 2020, zilitazama nani walikuwa wenye hisa nyingi, zikaona si raia, zikasema benki hiyo haiwezi kushika ardhi ya umiliki huru. Hiyo ilikuwa benki iliyosajiliwa Kampala na yenye mawakili wake. Karatasi ya shemeji iliyoandikwa dukani kwa dalali haina nguvu za kuzidi hapo.

Bahati yako, na naiita bahati bila kutania, ni kwamba kaviati imewekwa kabla uhamisho haujakamilika. Hapo ulipo sasa una karatasi mbili. Ya kwanza, mkataba wa LC1, inakusaidia, kwa sababu ndani yake hukuficha kitu: ulijitaja kuwa Mtanzania na pasipoti yako ukaionyesha, jambo linaloonyesha mtu aliyekosea sheria bila kuizunguka. Ya pili, ya shemeji, inakuumiza. Usiongeze ya tatu.

Tuje kwa mke wa muuzaji. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ardhi, kama kilivyorekebishwa mwaka 2004, kinasema kwamba mtu hawezi kuuza, kubadilishana, kuhamisha, kuweka rehani wala kupangisha ardhi ya familia bila ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa iliyotolewa kabla. Ardhi ya familia ni ile ambayo juu yake iko nyumba wanamokaa kwa kawaida, au iliyo na nyumba hiyo na ambayo familia inapata riziki yake kutoka humo, na nyingineyo ambayo wao wenyewe wanaihesabu hivyo. Muuzaji amekuambia kwamba shamba alilirithi kwa baba yake na kwa hiyo mkewe halimhusu. Hoja hiyo husemwa kwa sauti kubwa sana vijijini na haina uzito wowote kisheria, maana kifungu hakiulizi ardhi ilitoka wapi; kinauliza familia inakaa wapi na inakula nini. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba siku uliyokwenda kulitazama shamba ulimkuta mama huyo akipalilia migomba ya matoke, na kwamba mlipatana bei mkiwa mmekaa kwenye mkeka wake. Basi jibu liko hapo.

Sahihi ya kijana mkubwa haichukui nafasi ya mama yake. Huenda mwenyekiti wa LC1 alikumbuka sheria ilivyokuwa mwanzo, kwa sababu mwaka 1998 kweli ilitaka pia ridhaa ya watoto waliofikia utu uzima, lakini marekebisho ya 2004 yaliliacha hilo na kubakiza mwenzi. Ofisi ya ardhi ina fomu maalumu ya ridhaa hiyo, na msajili aliye makini hapitishi uhamisho bila kuiona. Jambo la kuchunguza ni moja: je, ni mke wa ndoa inayotambuliwa na sheria? Kama walifunga kanisani, msikitini au bomani, hakuna la kujadili. Kama kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho kwa wazazi wa mke, ilifanyika na mahari yakatolewa, hiyo ni ndoa ya kimila na inatosha, hata kama hawakwenda kuiandikisha. Kama walianza tu kukaa pamoja, basi hata wangekaa miaka 30 sheria ya Uganda haiwahesabu kuwa wana ndoa, na hali ingekuwa tofauti. Lakini ukipanda mbegu zako kwenye tumaini hilo utakuwa unampiga vita mama mmoja maskini kwa ajili ya shamba ambalo bado usingeweza kulimiliki.

Kaviati yake nayo si ya kungoja ife. Kaviati ya kawaida, msajili akimtumia aliyeiweka taarifa, huisha baada ya siku 60 asipopata amri ya mahakama. Ya mwenzi chini ya kifungu cha 39 haiishi maadamu haki yake ya kukaa juu ya ardhi hiyo ingalipo. Wanaokuambia subiri, watakuwa wanakupotezea muda.

Kuhusu mzee wa kahawa sina maneno mengi, kwa sababu msimamo wake ni imara. Umesema amekuwa pale tangu kabla ya vita vya Amin, na hakuna mwenye mailo aliyewahi kumfukuza. Sheria inamwita mkaaji wa nia njema mtu aliyekalia na kutumia ardhi kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba kuanza tarehe 8 Oktoba 1995 bila mwenye hati kumpinga, kwa hiyo inatosha kwamba aliingia kabla ya Oktoba 1983. Mtu wa namna hiyo hubaki na kibanja chake, yaani kipande anachokikalia juu ya ardhi ya mwenye mailo, hata mailo ibadilishe mikono, na mwenye mailo mpya analazimika kumheshimu na kupokea busuulu yake, yaani kodi ndogo ya kila mwaka. Kumwondoa kunahitaji amri ya mahakama, tena kwa sababu moja tu ya kutolipa busuulu. Zaidi ya hayo, kifungu cha 35 kilimtaka muuzaji ampe yeye kwanza nafasi ya kununua kabla ya kutafuta mnunuzi wa nje, na kwa maelezo yako hakuulizwa. Ungenunua ekari 2 ukajikuta na moja na nusu.

Hapa niwajibu pia wale wanaosema kwamba mgeni anaweza kuepa haya yote kwa kununua kibanja badala ya mailo, ampelekee mwenye ardhi kanzu, yaani zawadi ya kujitambulisha, kama ilivyo desturi Buganda, na mambo yaishe. Kwa usomaji wangu wa ibara ya 237, asiye raia amefunguliwa mlango wa lizi tu, na kibanja si lizi. Na hata kwa raia, mwenye kibanja anayeuza bila kumpa mwenye ardhi nafasi ya kwanza anatenda kosa tangu marekebisho ya mwaka 2010, anaweza kufungwa, na kibanja kinarudi kwa mwenye ardhi. Ndugu zetu wa Kongo walioko katika kambi za wakimbizi za Nakivale na Kyangwali wajue vilevile kwamba viwanja walivyogawiwa kambini ni vya kulima na kukaa. Havina mwenye haki ya kuviuza, na aliyekuuzia kimoja amekuuzia jasho lake tu.

Sasa pesa. Iko misingi miwili ya kuzidai, na haina nguvu sawa kwako. Kifungu cha 39 kinasema kwamba mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, akalipa thamani bila kujua kwamba ridhaa ya mwenzi haikupatikana, anapoteza ardhi lakini ana haki ya kumdai aliyemuuzia kila alichomlipa. Ungejaribu kusimama hapo, mwanasheria wa upande wa pili angekuuliza habari za mkeka na migomba, na mahakama zetu huchukulia kwamba anayenunua ardhi anapaswa kuuliza watu anaowakuta juu yake. Msingi wa pili ni kifungu cha 54 cha Sheria ya Mikataba: makubaliano yakionekana kuwa batili, aliyepokea faida chini yake analazimika kuirudisha au kumfidia aliyeitoa. Huu ndio ningeutanguliza. Upande wa pili unaweza kujibu kwamba wote wawili mlikuwa na mikono michafu na kwa hiyo kila mmoja akae na hasara yake. Jibu lako kwa hilo ni mstari ule wa tatu, ulioandikwa waziwazi mbele ya mashahidi wanne. Unaona sasa kwa nini naiogopa karatasi ya shemeji? Kila hatua mtakayoichukua kuitekeleza inamnunulia muuzaji hoja ya kutokurudishia pesa.

Muda wa kudai chini ya mkataba ni miaka 6. Usiutumie wote. Pesa za shamba huliwa haraka, na hukumu dhidi ya mtu aliyekwisha kununua pikipiki mbili na kuezeka nyumba ni karatasi nyingine tu.

Lakini kabla ya kwenda mahakamani ningependa mkae tena, safari hii pamoja na mama mwenyewe. Jambo ambalo Katiba inaliruhusu ni hili: muuzaji abaki mwenye mailo, na akupangishe sehemu ya shamba isiyo na nyumba yao wala kibanja cha mzee, kwa lizi ya miaka 30, 49 au mtakayopatana, isiyozidi 99. Milioni 46, au kiasi chake kinacholingana na ukubwa na miaka, ihesabiwe kuwa malipo ya awali ya lizi. Salio arudishe kwa awamu zilizoandikwa. Mpimaji aliyesajiliwa awapimie, lizi isajiliwe Masaka, nawe upate hati yako ya lizi kwa jina lako mwenyewe la kwenye pasipoti, ambayo unaweza kuirithisha, kuiuza kwa miaka iliyobaki, hata kuiweka rehani kwa masharti ya mkataba. Kwa kuwa kifungu cha 39 kinataja kupangisha pia, fomu ya ridhaa ya mama ni lazima, na kaviati ataiondoa yeye mwenyewe. Yeye anaweza kukataa, na ana haki hiyo ilimradi kukataa kwake si kwa ukaidi usio na sababu. Ila mwanamke aliyeogopa kuamka asubuhi moja hana shamba huzungumza tofauti akiambiwa kwamba ardhi inabaki yao na migomba ya nyuma ya nyumba haiguswi. Nimeona kesi za namna hii zikiisha kwenye mkeka uleule zilikoanzia.

Njia nyingine ziko, ila kwako naziona nyembamba. Unaweza kuungana na raia katika kampuni ambayo yeye kweli ana hisa nyingi na kweli ndiye mwenye maamuzi, lakini akiwa raia wa jina tu mmerudi kwenye kesi ya Crane Bank. Unaweza kuomba uraia wa Uganda ukitimiza masharti, na Uganda inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu, kwa hiyo utakuwa umeiacha Kagera kisheria kwa ajili ya ekari 2 za Kyotera. Na akitokea mtu wa kukuuzia kitambulisho cha taifa, mkimbie. Hilo si suala la ardhi tena, ni la jela.

Kwa wiki hii fanya mambo machache. Mwandikie shemeji asitie sahihi fomu yoyote ya uhamisho, na dalali mwambie hivyohivyo. Nenda Masaka ukaombe taarifa rasmi ya kyapa kutoka kwenye rejista, ujue kama jina lililomo ni la muuzaji mwenyewe au bado ni la marehemu baba yake, maana hilo hukulitaja na linaweza kubadilisha mengi: kama urithi haujasimamiwa kwa barua za mahakama, muuzaji mwenyewe hakuwa na cha kukuuzia wala hana cha kukupangishia mpaka aandikishwe. Kusanya risiti za benki na ujumbe wa simu za malipo. Kisha chukua wakili aliye karibu nawe, umpe karatasi zote, na ile ya shemeji usiichane wala kuificha. Mwachie yeye aamue itakaa wapi.